Bustani ya mandhari ni nini? Mfano wa Muskau

Bustani ya mandhari ni eneo kubwa ambalo binadamu amelipanga mpaka likafanana na nchi ya asili: uwanda wa nyasi, vikundi vya miti, maji, na njia zinazopinda. Mtindo huu ulikua Uingereza katika karne ya 18, ukaziacha bustani za Kifaransa zenye njia zilizonyooka na vichaka vilivyokatwa kwa vipimo. Ujerumani ina mifano mizuri, Wörlitz ukiwemo, ila Muskau ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kazi iliyofichwa ndani yake.

Kabaila Hermann von Pückler-Muskau aliianza mwaka 1815 kandokando ya mto Neisse, akiongozwa na mawazo ya Mwingereza Humphry Repton, mbunifu wa bustani. Udongo wa huko ni wa kichanga. Akachimba hata tawi la mto na kulipitisha ndani ya bustani; anayelitazama leo hudhani limekuwapo siku zote.

Njia ndizo zinazompeleka mgeni bila kumwamrisha. Kila kona sharti iwe na sababu inayoonekana, kama mti mkubwa, kilima au ukingo wa maji. Kona isiyo na sababu watu huikatiza, nyasi zikafa, na njia ya mkato ikajichora yenyewe. Ziwa nalo lisionekane lote kwa mara moja: ukingo hupindishwa, na vichaka huficha mwisho wake.

Miti hupandwa kwa vikundi, kwa nafasi zisizolingana, si kwa safu. Huanza ikiwa imesongamana, kisha hupunguzwa inapokua. Uwazi unaobaki kati ya kikundi na kikundi ni muhimu sawa na miti yenyewe, kwa sababu huko ndiko macho yanakopita kuelekea kwenye kasri, daraja au mti mmoja mkubwa ulio mbali. Hapa ndipo bustani nyingi huharibika. Miche hujiotea, matawi hukutana, na mandhari hufungwa polepole bila mtu kugundua. Kwa hiyo shoka ni chombo cha kila mwaka, na kuogopa kukata mti ni kuiua bustani.

Madeni yalimlazimisha Pückler kuiuza Muskau mwaka 1845. Kwa bahati njema mmiliki mpya, Prinsi Frederik wa Uholanzi, alimweka Eduard Petzold, mtunza bustani aliyeielewa ramani ya mwanzo, naye akaiendeleza.

Mwaka 1945 vita viliteketeza kasri na kubomoa madaraja. Neisse ukawa mpaka wa Ujerumani na Poland, na upande wa Poland, ulio mkubwa zaidi, ukageuka msitu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Wapoland na Wajerumani wamekuwa wakishirikiana kuufungua tena kwa kufuata ramani na picha ambazo Pückler alizichapisha mwaka 1834. Daraja la watembea kwa miguu linalounganisha pande mbili lilijengwa upya mwaka 2003, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiorodhesha bustani nzima, takriban hekta 560, kuwa urithi wa dunia wa nchi zote mbili.