Odysseus na Watu Wasiomwamini

Wanafunzi wanaosoma Odyssey, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, kwa mara ya kwanza huniuliza sana swali hili: kama mtumwa Eumaeus anampenda bwana wake Odysseus kiasi hicho, mbona haamini akiambiwa bwana huyo anarudi?

Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, ametoweka kwao miaka 20: 10 vitani Troy, 10 njiani. Wachumba 108 wanamaliza mifugo yake huku wakimtaka mkewe, Penelope, aolewe na mmoja wao. Mungu Athena anamgeuza Odysseus mzee wa matambara, ili awapime watu wake bila kutambuliwa, naye anaanzia kibandani kwa Eumaeus, mtumwa anayemchungia nguruwe.

Eumaeus anamchinjia mgeni, anamkaribisha ale, kisha anamsihi asimdanganye. Alishawahi kupita mtu aliyedai kumwona Odysseus huko Krete akikarabati merikebu, ikawa uongo mtupu. Mgeni anaapa, anataka hata wawekeane dau: bwana wako asiporudi, nitupeni majabalini. Eumaeus hataki. Anamtunza kwa kumcha Zeus, mlinzi wa wageni. Habari anazoleta mgeni hazina uzito kwake hata kidogo. Kwangu mimi jibu liko hapo. Katika utenzi huu, mwaminifu ni mgumu wa kuamini. Wangekuwa wepesi, tapeli yeyote angekuwa ameshaikalia nafasi ya Odysseus.

Wachumba hawahitaji mtihani mrefu. Mmoja wao, Antinous, anamrushia ombaomba huyo kigoda, yamekwisha. Anayenisumbua ni mchumba mwingine, Amphinomus, aliyempa mikate na kumtakia heri kwa kikombe cha dhahabu. Odysseus anamhurumia hadi anamdokezea aondoke. Haondoki, na mkuki wa Telemachus, mwana wa Odysseus, unampata kama wenzake.

Sasa Penelope. Wachumba wameshauawa, yaya Eurycleia anamwapia kwamba ameliona mguuni mwa mgeni kovu ambalo Odysseus aliachiwa na nguruwe mwitu. Kovu lilimtosha yaya, likawatosha wachungaji. Yeye anashuka, anakaa mbali, ananyamaza. Mwanawe Telemachus anamkaripia kuwa ana moyo wa jiwe. Wapo wasomi wanaosema alishamtambua mumewe tangu walipoongea usiku uliotangulia. Mimi sikubaliani nao, maana kinachofuata kingekuwa mchezo tu.

Anamwagiza Eurycleia akitoe nje kitanda alichokiunda Odysseus, amtandikie mgeni. Odysseus anafoka: nani amekisogeza kitanda changu? Tendegu lake ni shina la mzeituni lililo hai ardhini, na chumba kilijengwa kuuzunguka mti huo. Tazama ufundi wa mama huyu. Mtu aliyepigwa teke na kurushiwa kigoda akajizuia, anashindwa kujizuia mbele ya sentensi moja. Mtahini ametahiniwa, na hasira yake ndiyo iliyomfaulisha. Penelope analia, anamkumbatia, anamweleza kuwa siku zote aliogopa kulaghaiwa kwa maneno.

Baadaye Odysseus anamwendea baba yake, Laertes, shambani, anamdanganya naye kwa jina la uongo. Hakuna adui aliyebaki nyumbani, kwa hiyo naona huo ni ukatili uliotokana na mazoea. Mzee anajimwagia vumbi kichwani kwa uchungu, na mwana anashindwa kuendelea, anajitambulisha. Lakini hata katika hali hiyo Laertes anadai alama kwanza. Anaonyeshwa kovu, kisha anahesabiwa miti aliyompa mwanawe utotoni: mipeasi 13, mitufaa 10, mitini 40, na mistari 50 ya mizabibu aliyomwahidi.