"Marekani sijaikanyaga, kodi yao yanihusu nini?"

Maneno haya nayasikia kwa wenye maduka wa Biashara Street hapa Mombasa, kwa mabaharia, hata kwa wahasibu. Yananikera kwa sababu gharama yake huwaangukia mjane na watoto.

Kwa asiye raia wala mkazi wa Marekani, kodi ya mirathi ya kule hufuata mali iliko, si anakoishi mwenyewe. Hisa za kampuni ya Marekani, au za ETF (mfuko wa uwekezaji unaouzwa sokoni kama hisa) iliyosajiliwa huko, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huzihesabu kuwa mali iliyoko Marekani, hata kama ulizinunua kwa simu ukiwa Kibokoni kupitia wakala wa Dubai. Raia wao ana msamaha wa mamilioni ya dola. Mgeni asiye na makazi kule ana dola 60,000 tu, na juu ya hapo viwango hupanda hadi asilimia 40. Marehemu akiacha dola 150,000 kwenye mfuko wa aina hiyo, kodi ni dola 25,800, kabla ya makato yanayoruhusiwa. Fomu 706-NA, ya kutangaza mirathi hiyo kwa IRS, hutakiwa ndani ya miezi 9 tangu kifo, na mara nyingi wakala hafungui akaunti mpaka aone cheti cha IRS kinachoruhusu mali ihamishwe.

Warithi hunijia na hati ya Kadhi, mafungu yamekwisha gawanywa, wakidhani limebaki la kupokea pesa. Kadhi ameamua nani arithi nini, lakini deni la IRS liko pale pale, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa; hilo hakuna asiyelijua hapa. Kenya haitozi kodi ya mirathi, ndiyo maana jambo hili huwakuta watu ghafla.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mfuko wowote, soma herufi mbili za mwanzo za ISIN yake, yaani nambari yake ya utambulisho. Ukiona US, rudi kwenye hesabu ile ya juu. Ukiona IE, huo ni mfuko wa Ireland. Waweza kuwa umeshika kampuni zile zile za Marekani, lakini hisa zako ndani yake hazihesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani. Wateja wangu nawarudia haya mpaka wachoke, na sitaacha.

Wengine huniambia: "Nimejaza W-8BEN, sikatwi tena." Hiyo ni fomu ya kumthibitishia wakala kwamba wewe ni mgeni kwa kodi ya Marekani. Unakatwa. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) la mfuko wa Marekani hukatwa asilimia 30. Mfuko wa Ireland hukatwa 15 kwenye gawio la kampuni za Marekani, kwa mkataba wa nchi hizo mbili. Fomu ijaze tu, tena uisaini upya: muda wake huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini.

"Gawio likinunua hisa papo hapo halina kodi." Hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho hununua.

"Nikiuza kwa faida, Marekani watachukua chao." Kwa kawaida hawachukui, maadamu hukukaa kule siku 183 za mwaka huo. Upande wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, una sheria zake, nao huulizwa kivyake.