Ubao shirikishi: nani ameshika chaki?

Mwezi huu nimealikwa mara tatu kwenye "ubao shirikishi", na mara zote tatu sikupewa pa kuandika. Hiyo ya tatu ndiyo imenikalisha chini kuandika haya. Kilikuwa kikao cha mtandaoni, watu saba: mimi hapa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli, mmoja Kasulu, wawili Dodoma, waliobaki sijui walikuwa wapi maana kamera zao zilizimwa. Mwendesha kikao akatangaza kwa bashasha, "Jamani, leo tunatumia ubao shirikishi," kisha akatuwekea skrini yake. Akachora maduara. Akavuta mishale. Kila baada ya dakika chache anauliza, "Mnaona?" na sisi kama darasa la pili, "Tunaona!" Dakika hamsini. Bando langu la siku likakatika kabla hajafika duara la mwisho, na mpaka leo sijui ndani yake aliandika nini.

Alichokifanya kina jina lake, na ni jina zuri tu: kuonesha skrini.

Maana kwa haraka, ili tuendelee. Ubao shirikishi ni sehemu ya kuandikia na kuchorea iliyoko mtandaoni, ambayo watu walio mbalimbali wanaifungua kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kifaa chake, na kila mtu anaweza kuandika, kubandika, kusogeza na kufuta huku wenzake wakiona papo hapo. Miro, Mural, FigJam, Microsoft Whiteboard na Excalidraw ni za kundi hilo. Basi. Ugomvi wangu wote uko kwenye yale maneno mawili, "kila mtu anaweza".

Tuanze na ubao, maana hauna makosa. Ubao ni mmoja, nyingi ni mbao, na hapo ndipo watu wanapoona aibu. Ukisema "tuna mbao shirikishi tatu", msikilizaji wa Kigoma anafikiria kwanza fundi wa mitumbwi pale Kibirizi, au lori la mninga kutoka Tabora. Kwa hiyo watu wanakimbilia "ubao tatu", hata "maubao" nimeshaona. Mbao ni sahihi, tuzizoee. Ukoo wenyewe ni mkubwa: kibao cha mbuzi tunachokunia nazi, kibao cha dukani, kibao cha shavuni, bao la kete, bao la mpira. Karibu wote unarudi kwenye kile kipande cha mti kilichosawazishwa. Ila shuleni ubao uliuacha mti zamani. Wa kwetu ulikuwa ukuta wa saruji. Tulitumwa kuleta makaa na betri kuukuu za redio, tukazitwanga, tukachanganya na majani, tukaupaka mweusi, mikono ikabaki vile kwa siku mbili. Hakuna aliyesema huo si ubao kwa kuwa hauna mbao. Kinachoufanya ubao kuwa ubao ni kwamba unaandikwa na kufutwa mbele za watu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ubao wa kwenye kompyuta "si ubao kweli", namuomba apumzike.

Na kumbuka mwalimu alivyosema: "Njoo ubaoni." Hakusema tazama ubaoni. Alikunyoshea chaki, ukatoka kwenye dawati magoti yakigongana, ukaandika jibu lako bovu, na darasa likakusahihisha. Ule ukuta wa masizi ya betri, kwa dakika zile mbili, ulikuwa ubao shirikishi kuliko zote tatu nilizoalikwa mwezi huu.

Sasa hili neno la pili. Mzizi ni wa Kiarabu, zile konsonanti tatu sh-r-k, zenye maana ya kuwa na fungu ndani ya kitu pamoja na mwenzako. Kiswahili kikazilea vizuri: shirika, mshirika, ushirika. Hata ushirikina umetoka humo humo. Kwa asili ni kumpa Mungu washirika, kabla neno halijahamia kwenye hirizi na tunguri. Ukiyatazama kwa pamoja utaona yote yana mtu mwenye fungu lake. Mwanachama wa ushirika wa kahawa ana hisa na ana kura. Hahesabiwi mwanachama kwa sababu alisimama nje ya ghala akatazama mizani.

Kitenzi ni shiriki: mtu anashiriki, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Ukiongeza -sha unapata shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Ukigeuza mwisho kuwa -i, unapata sifa ya kitu chenye tabia hiyo: burudisha hutoa burudishi, chonganisha hutoa chonganishi, shirikisha hutoa shirikishi. Ubao shirikishi, basi, ni ubao unaowafanya watu washiriki. Mtendaji ni ubao, wanaotendeshwa ni sisi, na tendo ni letu.

Tatizo ni kwamba shirikisha imechoka. Imechokeshwa kwenye mikutano. Siku hizi ukisikia "wananchi wameshirikishwa", mara nyingi maana yake ni kwamba waliitwa chini ya mwembe, wakasomewa kilichokwishaamuliwa, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakapewa soda. Kushirikishwa kumekuwa kuambiwa. Simlaumu sana yule mwendesha kikao. Amekulia kwenye lugha ambayo neno limepigwa mpaka limelainika. Kwake yeye, kama tumeona, tumeshirikishwa.

Lakini lugha hiyo hiyo ina mahali ambapo neno bado lina meno. Ulinzi shirikishi. Ukisikia mtaani kuna ulinzi shirikishi, hutarajii mtu akuoneshe picha za doria. Unajua zamu yako iko usiku wa Jumanne, unachukua tochi na rungu na koti, unatoka. Watu wa Tabora na Shinyanga, walioanzisha sungusungu miaka ya 1980, hawakuhitaji kufafanuliwa hilo. Usimamizi shirikishi wa misitu vilevile: kijiji kinachora mipaka ya msitu, kinaweka sheria ndogo, kinachagua kamati, na kamati inaingia porini. Hakuna mwanakamati ambaye kazi yake ni kujibu "tunaona". Lete maana hiyo hiyo kwenye ubao, ugomvi wangu umekwisha.

Kuna mkanganyiko mwingine, huu wa maduka. Ukiulizia ubao shirikishi kwa muuza vifaa vya shule, atakuonesha kioo kikubwa cha ukutani kinachoguswa kwa kidole, na atakutajia bei ya kukufanya ukae chini. Hajakosea kabisa. Neno la Kiingereza tulilolifasiri, interactive, linasema tu kwamba vitu viwili vinatendeana, halisemi ni vipi. SMART Board ya kwanza, iliyotoka Kanada mwaka 1991, ilikuwa ni kidole na ubao kutendeana: unagusa, unajibu. Unaweza kuwa peke yako chumbani na bado ikaitwa hivyo. Google nao wakaongeza moshi. Jamboard yao lilikuwa jina la kioo cha ukutani cha inchi 55, kilichouzwa Marekani dola 4,999, na papo hapo jina la programu ya bure ambayo ungeifungua kwenye simu. Vyote viwili vilisitishwa mwishoni mwa 2024, na waliokuwa na kazi zao humo wakalazimika kuzihamisha. Mimi kile cha ukutani nakiita skrini ya kugusa, na shirikishi nawaachia watu kutendeana na watu. Timu iliyotawanyika Kigoma, Kasulu na Dodoma kioo cha ukutani hakiisaidii kitu. Kitakuwa ukuta wa nani?

Wazo lenyewe la watu walio mbali kufanya kazi kwenye ukurasa mmoja si la juzi. Desemba 9, 1968, Douglas Engelbart, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alikaa jukwaani San Francisco na mwenzake akiwa Menlo Park, kama kilomita 50 kutoka hapo, wakawa na skrini moja mbele yao, sauti zao zikisikika, kila mmoja na alama yake ya kuelekezea. Kumbe wakati huo simu ya kwenda Dar kutoka hapa ilikuwa shughuli ya kutwa.

Tofauti ya kuonesha skrini na ubao shirikishi iko mpaka kwenye waya, na hapa inagusa mfuko. Anayeonesha skrini anatuma picha ya kioo chake mfululizo, kama video, na wewe unazipokea zote hata asipofanya lolote la maana. Ubao hautumi picha ya kioo. Mtu wa Kasulu akisogeza kikaratasi cha njano kilichobandikwa ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, kinachosafiri ni habari fupi: kikaratasi fulani, sasa kiko hapa. Simu yako inachora yenyewe. Ndiyo maana nikiwa na bando dogo naomba tuongee kwa simu ya kawaida na ubao uwe wazi pembeni, na kazi inakwenda. Mtu akibandika mapicha makubwa hesabu inabadilika, hilo nalo lisemwe. Na watu wawili wakikishika kikaratasi kimoja kwa sekunde ileile, programu ina kanuni ya kuamua. Kwa kawaida wa mwisho ndiye anayebaki, na mwingine anashangaa kwa nini kimemponyoka.

Watu huniuliza nichague ipi. Sina mapenzi na yoyote. Swali langu la kwanza ni: mtu aliyepewa kiungo kwenye simu ya bei ndogo, bila kufungua akaunti, ataweza kuandika ndani ya dakika moja? Excalidraw inafaulu hapo, inafunguka kwenye kivinjari na haikuulizi jina la babu yako, ila ni ubao mtupu, hauna mapambo. Miro ina kila kitu, na hicho kila kitu kinaielemea simu. Tena asiyelipa anapewa mbao tatu tu za kuhariri. Microsoft Whiteboard inafaa kama ofisi yenu tayari inaishi kwenye Teams, programu ya Microsoft ya vikao. Swali la pili ni kama unaweza kuitoa kazi yako na kuondoka nayo, kwa sababu ya yale ya Jamboard. La tatu ni mtandao ukikatika, uliyoyaandika yanakungoja au yanapotea? Jaribu mwenyewe: zima data, andika neno, washa. Mengine, rangi na vibonzo vya kushangilia, ni ya wenye umeme usiokatika.

Kilichonifundisha mimi maana ya neno hili ni dagaa. Tulikuwa tunachora safari ya dagaa, kutoka mwaloni mpaka sokoni Dar: kuvua, kuanika, kupakia, kusafirisha, kuuza. Vikaratasi vitano vizuri, na chini yake bajeti ya siku thelathini za kazi kwa mwezi. Tukamwalika mama mmoja anayenunua na kuanika dagaa, akaingia kwa simu ya mpwa wake. Kwa robo saa alikuwa kimya, nasi tukadhani anafuata. Kisha mpwa akamwambia, "Shangazi, hata wewe unaweza kuandika." Tukasikia sauti yake, "Kumbe?" Mshale mdogo wenye jina la mpwa ukaanza kutembea kwenye ubao, ukapotea pembeni, ukarudi. Kikatokea kikaratasi juu kabisa ya "kuvua", kimeandikwa herufi kubwa: MBALAMWEZI.

Hakueleza, hakukuwa na haja. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, wananyosha nyavu, wanaziba mitumbwi. Siku zetu thelathini zilikuwa za watu wa ofisini. Kama ningekuwa nimeonesha skrini, angejibu "tunaona" pamoja na wengine, na bajeti ingeenda vile.

Jana nimemwandikia yule mwendesha kikao. "Kaka, habari za Dodoma. Kikao kilikuwa kizuri, ahsante kwa maandalizi. Ombi moja tu. Wiki ijayo kabla hujatuonesha, bonyeza pale pa kushiriki, angalia ruhusa isiwe ya kutazama tu, iwe ya kuhariri, halafu tutumie kiungo. Ukituonesha skrini, sema unatuonesha skrini, wala hakuna ubaya. Ukisema ubao shirikishi, tutakuja na chaki."

Akajibu baada ya saa moja: "Sawa kaka. Sasa mkinifutia?"

Nimemwambia kuna mshale uliopinda kuelekea kushoto. Akiubonyeza mara moja, duara linarudi.