Mbona waheshimiwa wanajichoma?

Wiki haiishi kabla mtu hajaniuliza hili swali. Nikiwa saluni, nikiwa kwa matatu ya Ngong Road, ata juzi baada ya ibada mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta kando akaniuliza, "Daktari, wewe si ndio huongea na hawa watu? Mtu ako na bibi mzuri, watoto wanasoma shule nzuri, ako na gari la serikali na askari wa kumlinda, alafu anaenda kuchukuliwa video kwa nyumba ya kukodi na msichana rika la bintiye. Si huo ni wazimu?"

Mimi ni mshauri nasaha, nimefanya hii kazi miaka 12, ofisi yangu iko upande wa Kilimani na wengi wanaokuja ni watu wa vyeo, wanasiasa, mameneja, ata wachungaji. Wanakuja saa kumi na mbili asubuhi kabla majirani wa jengo hawajafika. Siri zao hazitoki kwangu, na chochote nitakachosema hapa kuhusu mteja nimekichanganya na cha wengine mpaka mwenyewe akisoma hawezi kujijua. Lakini swali la yule mama limenikaa rohoni, juu jibu ambalo watu hulirusha haraka, ati ni tamaa, mimi silikubali.

Tamaa kila mtu anayo. Ya mtu wa boda na ya gavana ni ile ile moja. Chukua huyo mtu wa boda, aone msichana ampende, kati yake na hilo jambo kuna ukuta juu ya ukuta: pesa ya lojingi hana, kwa ploti majirani wanaona kila anayeingia, bibi anajua M-Pesa imetoka ngapi, mwenye pikipiki anataka hesabu jioni, na kama ni mtu wa kanisa kuna mzee atamwita amuulize. Anaweza kuzivuka zote, wako wanaozivuka, lakini lazima avuke moja moja akiwa anajua anavuka. Sasa mpe huyo huyo cheo uone zile kuta zinaenda wapi. Hazibomoi yeye, anabomolewa. Kuna kijana wa ofisi anaandika kwa dayari kwamba kuna kikao Naivasha. Kuna mtu analipa chumba kwa jina lingine. Bodigadi anasimama mlangoni, dereva anazunguka na gari lisikae mahali pamoja muda mrefu, na bibi akipiga simu kuna mtu kazi yake ni kusema mheshimiwa yuko kwa mkutano. Hakuna hata mmoja kati yao anayejiona amefanya dhambi, kila mtu ameshika kamba kidogo tu. Waswahili walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa hii miji yetu kata ni dereva.

Ndio maana nikiwa na mteja wa aina hii siulizi kwanza kuhusu mwanamke. Nauliza kuhusu siku yake: nani anakuamsha, nani anashika simu yako, nani anakuambia umechelewa. Unapata mtu ambaye kwa miaka mitano hakuna binadamu amemkatalia kitu. Kila utani wake unachekwa. Akitaka chai saa nane ya usiku chai inakuja. Mtu akiishi hivyo kitu fulani ndani yake kinalala, ile sauti ndogo ya kusema "ngoja kwanza", juu hiyo sauti sisi wote hatuzaliwi nayo imekomaa, tunaitengeneza kwa kukataliwa na mama, na mwalimu, na bosi, na ikikosa kazi inanyamaza.

Kuna utafiti nauheshimu wa mwaka 2011. Joris Lammers na wenzake waliuliza wafanyakazi wa kitaaluma 1,561 huko Uholanzi, kuanzia wa chini mpaka mabosi wakubwa, wakapata kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo alivyokuwa na uwezekano zaidi wa kusema ashatoka nje ya ndoa au yuko tayari kutoka. Na kilichokuwa katikati ya cheo na hiyo tabia ni kujiamini, ile imani kwamba nikimtaka mtu nitampata. Ni maneno ya watu wenyewe kwa dodoso, kwa hivyo usilibebe kama Biblia, lakini kuna kitu kimoja pale nataka ukishike: kwa wanawake wenye vyeo ilikuwa vile vile. Tumezoea kusema hii ni hulka ya wanaume. Mwaka 2010 huko Ireland ya Kaskazini mbunge Iris Robinson, bibi ya Waziri wa Kwanza wa huko, aliacha siasa baada ya kujulikana kwamba alikuwa na uhusiano na kijana wa miaka 19 na akamtafutia pauni 50,000 kutoka kwa wajenzi wawili afungue mkahawa. Na huyo ni mama aliyejulikana kwa kukemea wengine hadharani kwa jina la dini. Wanawake hatuwasikii sana kwa hizi stori juu viti walivyonavyo bado ni vichache.

Sasa kuhusu ile hatari yenyewe. Watu wanadhani mheshimiwa anaiona hatari alafu anaikanyaga. Mimi kwa kiti changu naona kinyume, wengi hawaioni kabisa, na sababu ni hesabu. Za mwizi ni arobaini, ndivyo tunavyosema sisi tulio nje. Lakini yule aliye ndani hana kalenda ya arobaini. Siku ya kwanza alikuwa anatetemeka, akabadilisha gari mara mbili, hakulala. Hakuna kitu kilitokea. Ya pili akatetemeka kidogo. Ikifika ya ishirini anaenda kama mtu anayeenda kunyolewa, na kila siku inayopita salama kwake ni ushahidi kwamba kuko salama, kumbe kila siku inaongeza mtu mmoja anayejua, skrini shoti moja, risiti moja. Yaani woga wake unashuka wakati ule ule hatari inapanda. Sisi huku nje tunaona siku ya arobaini peke yake ndio tunashangaa, "alifikiria nini?" Hakuwa anafikiria, aliacha kufikiria miaka mitatu iliyopita.

Mfano ninaoutumia sana ni Eliot Spitzer wa New York. Huyu alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo, alishtaki watu wa biashara ya ngono, na akiwa gavana mwaka 2007 alitia saini sheria ya kuongeza adhabu kwa wanaonunua ngono. Machi 2008 ikajulikana yeye mwenyewe ni mteja wa kampuni ya hiyo hiyo biashara, na kilichomtoa si mwanamke kuongea, ni benki iliyoona pesa zinatumwa kwa njia ya kutiliwa shaka ikaripoti serikalini, jambo ambalo mtu aliyepambana na mabenki kama yeye alilijua kuliko karibu kila mtu Marekani. Habari ikatoka tarehe 10, tarehe 12 akatangaza anajiuzulu. Wengi walimwita mnafiki wakaishia hapo. Mimi naona mtu ambaye wema wake wa mchana ulikuwa unampa ruhusa ya usiku. Hii nimeiona mara nyingi kwa wachungaji na watu wa kutetea haki: nimefanyia watu mengi, nimejinyima, nimetukanwa kwa ajili yao, sasa hiki kidogo ni changu. Hawasemi hivyo kwa sauti, lakini ukikaa nao wiki sita inatoka.

Na kuna upweke, hebu niseme juu ya hilo pia, sio kumtetea mtu. Mwanasiasa saa kumi jioni amesimama juu ya gari watu elfu tatu wanaimba jina lake, saa nne usiku ako peke yake kwa chumba cha hoteli Mombasa na masikio bado yanalia. Ile kelele mwili unaitaka tena. Hapo ujumbe mmoja wa "mheshimiwa leo uliongea vizuri" unatosha.

Sehemu inayoniuma zaidi ni hii. Kuna utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2011, wa Jonathan Kunstman na Jon Maner, walichukua watu wakawapa wengine nafasi ya ubosi na wengine wawe chini yao, na waliopewa ubosi wakaanza kuona dalili za kutakiwa kimapenzi kwa yule wa chini zaidi ya vile wengine walivyoona. Mtu amepewa ubosi wa muda tu, wa majaribio! Sasa fikiria aliyekaa nao miaka kumi. Msichana wa intani anatabasamu juu anataka kazi, juu amefundishwa kumheshimu mkubwa, juu anaogopa, na yule mkubwa anasoma tabasamu kama barua ya mapenzi. Nimekaa na wanaume waliolia kwa hiki kiti wakiniapia kwamba "alikuwa anataka", na nikiwauliza angekataa angefanyia wapi kazi Jumatatu, wananyamaza. Sheria yetu ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalijua hili, kifungu cha 23 kinasema mwenye mamlaka au ofisi ya umma anayemsumbua mtu kila mara kwa maombi ya ngono anayojua hayatakiwi anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000 au vyote viwili. Iko kwa kitabu. Wasichana wanaokuja kwangu wengi hawajawahi kuisikia.

Monica Lewinsky alikuwa na miaka 22 wakati ule uhusiano na Bill Clinton ulianza mwaka 1995, yeye intani, huyo mwingine rais. Januari 1998 Clinton alikana mbele ya kamera, Agosti akakubali, Desemba Bunge la Wawakilishi likamshtaki, Februari 1999 Seneti ikamwachilia. Katikati ya hiyo moto yote, Desemba, kura ya maoni ya Gallup ilimpa asilimia 73 ya Wamarekani wanaoridhika na kazi yake. Alimaliza muhula. Lewinsky jina lake liligeuzwa mzaha dunia nzima kwa miaka, na ile ripoti ya mwendesha mashtaka yenye maelezo ya chumbani iliwekwa kwa intaneti Septemba hiyo kila mtu asome. Rudi nyuma uone Uingereza 1963, mwaka tuliopata uhuru sisi. John Profumo, waziri wa vita, alidanganya Bunge mwezi wa tatu kuhusu uhusiano wake na msichana anaitwa Christine Keeler, mwezi wa sita akajiuzulu. Akaenda kujitolea kusaidia maskini mashariki ya London, na mwaka 1975 malkia akampa nishani. Keeler alikuwa na miaka 19 walipokutana. Desemba 1963 alifungwa miezi tisa kwa kusema uongo mahakamani kwa kesi nyingine ya wakati wa ule msukosuko. Wote wawili walidanganya, mmoja Bungeni mmoja kortini, na aliyeingia jela ni msichana.

Kwa hivyo mama yangu wa kanisa akiniuliza mbona wanahatarisha kazi, hapa Kenya lazima nimuulize, kazi gani hiyo imehatarishwa? Mimi simkumbuki waziri wetu aliyejiuzulu kwa sababu ya mpango wa kando peke yake. Video inatoka, siku tatu mtandao unawaka, mabloga wanalipwa kubadilisha mada, alafu Jumapili mtu ako kwa harambee amevaa suti. Na kuna mlango mwingine: anatangaza huyo ni bibi wa pili. Machi 2014 wakati Sheria ya Ndoa ilikuwa Bungeni, wabunge wanaume walipitisha mabadiliko ya kuondoa haja ya bibi wa kwanza kuulizwa kabla ya mwingine kuolewa kimila, wabunge wanawake wakatoka nje usiku ule kwa hasira, na sheria ikatiwa saini hivyo hivyo. Sisemi kitu kibaya juu ya ndoa za mitala zilizofanywa kwa uwazi, babu yangu alikuwa na wake watatu na wote walijuana. Nasema juu ya mtu kuutumia mlango wa mila baada ya kamera kumfumania.

Anayelipa ni yule mwingine. Namjua msichana, miaka 23, video yake ilizunguka kwa magrupu ya WhatsApp mpaka ikafika kwa simu ya babake kijijini. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inakataza kusambaza picha za faragha za mtu, na kila aliyeforwadi alivunja sheria, lakini kwa hilo grupu la kijijini kulikuwa na chifu na walimu na hakuna hata mmoja aliyesema wacheni. Ukiipokea kesho, ya yeyote, tafadhali ifute. Nakuomba.

Mwaka jana nilikuwa na mteja, mtu mkubwa, amekuja kwa sababu mambo yake yalikuwa karibu kutoka na mawakili walimwambia aonekane anatafuta usaidizi. Wiki tatu hakuna kitu, anaongea kama ako kwa mkutano wa wapiga kura. Wiki ya nne nikamuuliza: mtu wa mwisho kukukatalia kitu uso kwa uso alikuwa nani?

Alifikiria muda mrefu. Akasema ni dereva wake. Usiku mmoja amemwambia ampeleke mahali, dereva akazima gari akamwambia, "Mheshimiwa, mimi huko sitakupeleka tena, mama amekuwa mzuri kwangu."

Nikamuuliza huyo dereva ako wapi siku hizi.

"Nilimhamisha," akasema.