Banti ya kujitoa mhanga: auti moja ina thamani gani?

Timu ya besiboli hupewa auti 27, yaani wapigaji au wakimbiaji wake hutolewa mara 27, tatu kwa kila awamu, katika mchezo wa kawaida wa awamu tisa, na mimi ninayechambua takwimu za mchezo huu huzihesabu auti hizo kuwa ndizo mtaji wa timu. Mpigaji anayeuzuia mpira kwa gongo ili udondoke karibu mbele yake, akakubali kutolewa mradi mwenzake asogee besi moja (kimoja cha vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate mkimbio, yaani alama), anakula mtaji huo kwa hiari; hiyo ndiyo banti ya kujitoa mhanga.

Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza bila auti yoyote, timu za Ligi Kuu ya Marekani hupata kwa wastani karibu mikimbio 0.9 kabla ya awamu kwisha. Akisogezwa besi ya pili kwa gharama ya auti moja, wastani huo hushuka hadi takriban 0.7. Watetezi wa banti hujibu kwamba wao wanatafuta mkimbio mmoja tu, lakini hata uwezekano wa kuupata huo mmoja hupungua kidogo, na hapo tumechukulia kwamba banti imefaulu.

Mara nyingine haifaulu. Tarehe 4 Novemba 2001, katika mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ligi hiyo, Arizona Diamondbacks waliingia nusu ya mwisho ya awamu ya tisa wakiwa nyuma 2–1 dhidi ya New York Yankees, mrushaji wa Yankees, anayewarushia wapigaji mpira, akiwa Mariano Rivera. Mark Grace alifika besi ya kwanza, kisha Damian Miller akapiga banti. Rivera aliuokota mpira, akaurusha vibaya kuelekea besi ya pili, na wote wakasalimika. Jay Bell naye akapiga banti, lakini safari hii Rivera aliuwahi mpira na mkimbiaji wa mbele akatolewa kwenye besi ya tatu. Aliyesawazisha ni Tony Womack, aliyeachwa apige kwa nguvu zake zote, na Luis Gonzalez akaumaliza mchezo 3–2. Wengi huusimulia ushindi ule kama sifa ya banti, ilhali mimi naona kosa la mrushaji na gongo la Womack.

Hata hivyo, ipo hali moja ambamo mimi mwenyewe ningeamuru banti. Tangu 2020, awamu za nyongeza katika msimu wa kawaida huanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili. Mwenyeji anayepiga wa mwisho, matokeo yakiwa sare, anahitaji mkimbio mmoja tu, na mkimbiaji aliyefika besi ya tatu na auti moja anaweza kuingia hata kwa mpira wa juu unaodakwa mbali, kwa kuwa anaruhusiwa kukimbia mara tu unapodakwa. Uwezekano wa kufunga hupanda kutoka zaidi kidogo ya asilimia 60 hadi karibu 65. Mgeni, anayepiga kwanza bila kujua mwenyeji atajibu kwa mikimbio mingapi, asithubutu, isipokuwa zamu imemwangukia mpigaji dhaifu kweli kweli. Wapigaji wa namna hiyo wamepungua sana tangu 2022, kanuni ya kuwapumzisha warushaji, ambao kwa kawaida hupiga vibaya, ilipotumika katika ligi zote mbili zinazounda Ligi Kuu.