Anayehara Mpeni Maji! Maswali ya Kipindupindu Ninayoulizwa Kigoma

Nafanya kazi maabara hapa Kigoma. Kazi yangu ni kuotesha bakteria wanaoleta maradhi na kutafuta ni dawa gani inayowaweza. Maswali haya nayasikia mwaloni Kibirizi, sokoni, hata msibani. Ya msibani ndiyo yanayoniuma.

Kipindupindu ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kuhara unaoletwa na bakteria aitwaye *Vibrio cholerae*, ambaye mtu humeza kwenye maji au chakula kilichoingia kinyesi. Choo huwa majimaji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Mara nyingi hakuna homa, na ndiyo maana watu hudharau: "Hana hata joto, ni tumbo tu linamwendesha."

Wewe umemwona huyo mdudu?

Kwa darubini, ndiyo. Amejipinda kama alama ya mkato, na anakimbia huku na huku kama dagaa waliomulikwa taa usiku.

Mbona anamkausha mtu upesi hivyo?

Jibu tunalo tangu mwaka 1959. Sambhu Nath De, mtafiti wa Kolkata, India, alilipata kwa kutumia utumbo wa sungura: bakteria huyu hautafuni utumbo, anatoa sumu. Sumu hiyo huufanya utumbo umwage chumvi na maji bila kukoma. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Hesabu mwenyewe, kutoka saa nne usiku mpaka alfajiri ni lita ngapi.

Bibi anasema anayehara asinywe maji, atazidi kuhara. Ni kweli?

Si kweli. Shikamoo bibi, lakini si kweli. Maji yanatoka mwilini unywe usinywe. Ukimnyima, unamaliza hata yale machache yaliyobaki. Nimewaona wagonjwa wakiletwa macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na ndugu anajisifu kabisa: "Tangu jana hatujampa hata tone." Jamani!

Mpeni maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sukari haiwekwi kwa ajili ya utamu: ndiyo inayoivuta chumvi irudi mwilini kupitia utumbo, na maji yanaifuata. Njia hiyo sumu haijaiziba. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Na akitapika?

Subiri dakika kumi, kisha umpe tena, kijiko kwa kijiko. Kutapika si sababu ya kumnyima maji. Narudia, si sababu.

Si bora ninunue vidonge dukani, mambo yaishe?

Kidonge hakirudishi maji. Antibaiotiki husaidia baadhi ya wagonjwa, na anayeamua ni daktari. Maabara tunapanda bakteria kwenye sahani, juu yake tunaweka vikaratasi vyenye dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi. Isiyofanya kazi, bakteria huota mpaka ukingoni mwa karatasi, kana kwamba hatukuweka kitu. Kumeza vidonge viwili leo na kuacha kesho kunawafundisha bakteria kuizoea dawa, nasi tunakuja kuyaona matokeo kwenye sahani.

Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu, maji yake si yanajisafisha?

Kina chake kinafika karibu mita 1,470, lakini wewe huteki huko chini. Unateka ufukweni, karibu na alipojisaidia mwenzako. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani, bila vyoo vya kutosha, kipindupindu kiliwakuta palepale kando ya ziwa. Chemsha maji, au weka dawa ya kutibu maji.

Tusubiri majibu ya maabara kwanza?

Kuotesha kinyesi kunachukua siku moja hadi mbili. Daktari hatusubiri sisi. Akimwona mgonjwa amekauka, anatundika dripu. Ninyi nyumbani mnasubiri nini?

Kijijini kwetu boti ni ya asubuhi. Tufanyeje usiku?

Kwanza ulizeni zahanati iliyo karibu, usiku huohuo, msikae kubishana kama karogwa. Kama hakuna njia ila boti, mmoja aanze kuchanganya maji ya sukari na chumvi sasa hivi. Kila akienda choo, mtoto wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe, mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Ndani ya boti pia mwendelee kumnywesha njia nzima mpaka mnashuka Kibirizi, na choo chake kiingie kwenye ndoo yenye mfuniko, kisimwagwe ziwani.