Kubanwa pumzi kwa mkao, na kwa nini dirisha halisaidii

Nafanya ukalimani wa hospitali huku Marekani. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nangoja zamu yangu katika wodi ya wazazi, nikasikia nyuma ya pazia sauti ya mkalimani mwenzangu ikitoka kwenye spika ya simu. Muuguzi alikuwa anamruhusu mama mmoja wa Kivu aende nyumbani. Mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kiti chake cha gari, kile chenye mkono wa kubebea ambacho wengi wetu tunakiita kikapu. Muuguzi akasema lake, mkalimani akalitoa hivi: "Mkifika nyumbani usimwache alale humo, anaweza kukosa hewa."

"Hakuna shida," mama akajibu. "Nitafungua dirisha."

Muuguzi akaelezwa habari ya dirisha. Akanyamaza kidogo, akarudia maneno yaleyale. Mkalimani naye akarudia yaleyale. Mama wa watu, aliyeona hawa jamaa wana wasiwasi kweli, akaahidi madirisha mawili.

Nje theluji ilikuwa imefika magotini.

Nimeisikia hiyo "kukosa hewa" mara nyingi mno, mpaka kwenye vipeperushi vilivyochapwa rangi. Maneno ya kidaktari hapo yalikuwa mawili, asfiksia na mkao, na kwa Kiswahili mimi husema kubanwa pumzi kwa mkao. Maana yake ni mtu kushindwa kupumua kwa sababu ya jinsi mwili wake ulivyokaa: shingo imekunjika au kifua kimebanwa, njia ya pumzi ikafinywa, naye hana nguvu au fahamu za kujigeuza. Humpata mlevi aliyeanguka vibaya. Humpata mtu aliyelazwa kifudifudi huku amefungwa pingu na kukandamizwa. Na humpata mtoto mchanga aliyesinzia kitini. Maana ndiyo hiyo, haina mengi.

Mengi yako kwenye hewa na pumzi.

Hewa tuliipata kwa Waarabu. Ni kile kilichotuzunguka, kinachojaza chumba, gurudumu na puto. Pumzi ni neno la kwetu la Kibantu, la ukoo mmoja na kupumua, na pumu, na hata kupumzika, kwa kuwa mtu aliyepumzika, ukilifuata neno mpaka shinani, ni mtu aliyepata pumzi yake. Hewa iko nje, pumzi ni ile inayoingia na kutoka. Mvuvi aliyezama amekosa hewa. Aliyelala chumbani na jiko la mkaa, milango imefungwa, kwake hewa ndiyo iliyoharibika, na hapo dirisha ni dawa. Lakini mtoto anaweza kuwekwa ufukweni, upepo wa kusi unampiga usoni, akabanwa pumzi vilevile kama kidevu kimeshuka kifuani. Hewa imejaa tele. Njia ndiyo imekunjika, kama mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa katikati, bomba nalo liko wazi.

Kwa hiyo yule mama hakukosea hata kidogo. Aliambiwa hewa, akafikiria dirisha. Angefikiria nini kingine?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Mtoto akinyonya kwa pupa, maziwa yakaenda njia isiyo yake, akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, huyo amepaliwa. Akimeza kitu kigumu kikanasa kooni, amesakamwa. Mtu akishikwa shingo, amekabwa, na wenyeji wa Dar au Nairobi waliowahi kupita uchochoroni usiku hawahitaji kufafanuliwa. Kikiwa kitanzi au kamba, amenyongwa. Maneno manne, na kila moja linakwambia ni kitu gani kimembana na wewe ufanye nini: mpige mgongoni, mtoe kile kitu, kata kamba. Sisi tunayakunja yote manne pamoja na la tano, hili la kubanwa pumzi kwa mkao, tunayatupa kwenye kapu moja la "kukosa hewa".

Kwenye kiti cha gari tofauti hizi si za kupendezesha lugha. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vifo 47 vya watoto wa miaka miwili kwenda chini, vilivyoripotiwa kati ya 2004 na 2008, vilivyotokea kwenye vifaa vya kukalia na kubebea. Vifo 31 vilikuwa vya viti vya gari. Katika hivyo, zaidi kidogo ya nusu ni watoto walionyongwa na mikanda ya kiti, na waliobaki walibanwa pumzi na mkao. Kiti ni kilekile, vifo viwili tofauti, na vinafuatana kwa namna inayosikitisha: mzazi akifika nyumbani huwa anamlegezea mtoto mikanda, kwa huruma, ati apumue vizuri. Mikanda ikilegea mtoto anateleza chini kidogo kidogo. Ama mkanda unamfika shingoni, ama mgongo unakunjika na kidevu kinalala kifuani. Muda tangu mtoto alipoonekana mara ya mwisho akiwa mzima hadi kukutwa ulianzia dakika nne tu.

Tena hakuna kelele. Aliyepaliwa anakohoa, utamsikia ukiwa jikoni. Aliyekunjika shingo hana cha kukohoa. Anazidi kutulia tu, na mtoto aliyetulia ndiye kila mtu anasema mwacheni, msimwamshe.

Mwangalie mtoto wa wiki tatu akiwa kitini, kwa ubavu. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote. Kisogo kimetokeza nyuma, kwa hiyo akiegemea, kisogo ndicho kinachogusa kiti kwanza na kukisukuma kichwa mbele. Shingo haijakaza. Njia yake ya pumzi ni laini, na upana wake hauzidi mrija wa soda. Akiwa macho bado anajitutumua. Akisinzia, misuli inalegea na kichwa kinaenda kinakopelekwa na uzito wake. Mlaze mtoto yuleyule chali kwenye godoro gumu lililo sawa na hakuna kinachosukuma, shingo inanyooka yenyewe.

Nirudi kidogo kwenye neno la madaktari, maana nalo lina kisa. Asfiksia ni Kigiriki, na halikuwa na habari ya hewa wala pumzi. Maana yake ni kukosa mpigo wa mshipa. Lilikuwa likisemwa juu ya mtu ambaye ukimshika mkono husikii kitu. Ilipofika karne ya 18 likahamishiwa kwa waliozama na waliozibwa pumzi, likabaki huko mpaka leo. Ajabu yake ni kwamba aliyezibwa pumzi mshipa wake huendelea kupiga kwa muda baada ya pumzi kukatika. Yaani wao wenyewe neno lao limekaa upande, na wakalizoea. Sisi tuliokuwa na neno linalolenga, pumzi, ndio tunaoliacha mezani.

Sasa kiti chenyewe. Wapo wanaosikia habari hizi na kuhitimisha kwamba kiti cha gari kinaua, bora mtoto apakatwe. Hapana, jamani. Gari likifunga breki ghafla hakuna mikono ya mama wala ya nyanya inayoweza kumzuia mtoto asiruke. Ndani ya gari mtoto awe kitini, kila safari, hata ya kwenda dukani. Kiti hicho kimepigiwa hesabu kikiwa kimefungwa garini: kinalala nyuma kwa pembe iliyopimwa, mikanda imembana mtoto kifuani. Kitoe, kiweke sakafuni au juu ya kochi, na pembe ile haipo tena. Mwaka 2019 jarida la Pediatrics lilitoa hesabu ya vifo 11,779 vya watoto wachanga vilivyohusiana na usingizi huku Marekani, kati ya 2004 na 2014. Vifo 348 vilitokea kwenye vifaa vya kukalia, na karibu theluthi mbili ya hivyo ni viti vya gari. Viti hivyo vilivyokuwa vinatumika kama vilivyokusudiwa havikufika kumi katika kila mia. Zaidi ya nusu ya vifo vya kwenye viti vya gari vilitokea nyumbani kwa mtoto. Gari limezimwa, mtu amefika, amevua viatu, mtoto bado yumo.

Hata garini mkao una gharama yake kwa walio wadogo sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwaweka vichanga kwenye kiti kilichoinamishwa nyuzi 40 na kutikiswa kama gari linalokwenda. Ndani ya nusu saa oksijeni ilikuwa imeshuka kwenye damu, na mapigo ya moyo na pumzi yameongezeka kuliko walipolazwa. Ndiyo maana waliozaliwa kabla ya wiki 37 hupimwa katika hospitali nyingi za huku kabla ya kuruhusiwa: wanakalishwa kwenye kiti chao wenyewe dakika 90 mpaka 120, au muda wa safari yao kama ni mrefu zaidi, mashine ikisoma oksijeni na moyo. Oksijeni ikishuka, mtoto anangoja, au anasafiri amelazwa kwenye kitanda maalumu cha gari.

Na ule muda wa kawaida unaotajwa, kwamba mtoto asikae kitini mfululizo zaidi ya hapo, umetutia aibu wakalimani kuliko yote. "Usimwache zaidi ya saa mbili." Saa mbili ya asubuhi au ya usiku? Nimemsikia baba mmoja akiuliza hivyo, kwa adabu kabisa. Miaka yote nimekuwa nikiwasahihisha watu wanaosema masaa, kwamba saa ni saa, moja au mia. Wodini nimesalimu amri. Nasema masaa mawili, na mwalimu wangu wa Kiswahili wa Tanga anisamehe. Kwa wale wa wiki za mwanzo ushauri wa Uingereza ni nusu saa kwa mkupuo, na hiyo angalau haifanani na adhana ya Isha. Lakini nusu saa na masaa mawili ni za safarini, kwamba ukifika hapo utafute pa kusimama umtoe. Si ruhusa ya kumwacha humo sebuleni hadi dakika ya mwisho.

Kwa mkalimani mwenzangu, kama haya yatamfikia: najua muuguzi huongea mbio, najua kwenye simu huoni mikono wala kidevu cha mtu, na "kukosa hewa" ndiyo inayokuja mdomoni kwanza. Nami nimeitumia. Sema "shingo itakunjika, atabanwa pumzi". Ni maneno machache tu zaidi, na hakuna atakayekuuliza habari ya dirisha.

Si desturi kuingilia kazi ya mwenzako, kwa hiyo nilinyamaza mpaka simu ikakatwa. Yule mama nikamkuta kwenye lifti, kikapu kimemning'inia mkononi. Nikamwamkia, nikampa hongera ya mtoto, nikamwomba radhi kwamba nilisikia. Kisha nikamwambia, "Mama, hebu shusha kidevu chako mpaka kifuani. Kabisa. Sasa vuta pumzi ndefu."

Akakiweka kikapu chini, akajaribu palepale mbele ya watu. Akavuta, ikagoma katikati. Akainua kichwa, akanitazama, akamtazama mtoto.

"Kumbe ni shingo," akasema.

Nikamwambia ni shingo. Akifika amtoe, amlaze chali kwenye kitanda chake, hata kama ataamka na kulia. Na madirisha ayaache yamefungwa, baridi ile ingewaua wote wawili.